Dakika Kumi na Moja, Upande wa Pili

Rimouski, Januari, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
na kwa Hervé anayenoa viatu vya kuteleza barafuni
haondoki mtu hata kiatu kikishanolewa.
Hita inakoroma. Cheche zinaruka. Onil keshaanza.

"Quatuor Zénith," asema, kama hakimu asomaye hukumu,
"ndiyo bendi kuu ya magwiji, na shauri lifungwe hapo."
Tarishi mstaafu huyu; miaka thelathini na minne
aligawa barua za watu, leo anagawa sifa.
"Wanne, na kila mmoja aliiacha bendi yake ikiwa kileleni!
Mpiga ngoma alihesabu saba kwa mkono wa kulia,
tano kwa wa kushoto, na mguu ukabaki nyumbani na nne
kama mke asiyependa safari."

Hervé hazimi mashine, anajibu juu ya kelele:
"Magwiji gani! Santuri moja tu, kisha wakatoana macho.
Mafahali wanne zizi moja, na zizi lenyewe la kukodi.
Mimi nipe Les Amiraux de Givre:
wimbo mmoja, upande mzima wa santuri,
unaanza theluji ikianguka, unaisha mto umeyeyuka,
na katikati waweza kwenda kuchemsha kahawa
ukarudi, sintesaiza bado inapanda ngazi ileile."

"Hiyo ni sifa au tusi?"

"Vyote viwili. Ndiyo roki progresivu."

Mimi nafagia vumbi la chuma. Nina miaka kumi na tisa,
bendi hizi nimezikuta zimebaki majalada,
mazuri kuliko chumba ninacholala:
kasri juu ya nyangumi, nyangumi juu ya wingu,
na chini, kwa herufi za kutafutia miwani,
majina yaliyogombania nani atangulie.

Gaétane yuko karibu na hita, mkoba magotini,
mpiga kinanda wa kanisani, anangoja viatu vya mjukuu.
Tangu Novemba anawasikiliza, hajatia neno.
"Upande wa pili," asema, "wa hao Zénith wako.
Ile sauti ya kinanda isiyokatika."

"Dakika kumi na moja!" Onil aweka mkono kifuani.
"Hakuna kiumbe mwingine angeweza..."

"Ni mimi."

Mashine inazimwa.

"Walirekodi kanisani kwetu, kiangazi.
Nilikuwa nasugua viti kwa nta.
Mpiga kinanda alitukanana na mpiga gitaa
kisa jina la nani liandikwe juu,
akachukua koti, akachukua teksi mpaka Québec,
na bili akawaachia wao.
Fundi mitambo akaniona. 'Binti, kinanda wakijua?'
Nikamwambia najua zaburi.
'Basi bonyeza hapa, na hapa, na hapa. Usiachie
mpaka nikuinue mkono mwenyewe.'"

Theluji inakwaruza kioo.

"Uongo," asema Onil, ila kwa sauti ya chini.
"Zile ni noti nne. Ya nne iko mbali,
haifikiwi na vidole vya mtu."

"Ya nne niliiwekea kopo la nta."

Hervé anacheka mpaka anashika ukuta.
Onil hacheki. Ile santuri aliinunua kwa mshahara wa kwanza.
Anamtazama mama huyu aliyempelekea miaka yote
bili za umeme, kadi za Pasaka,
hajui apige goti au adai pesa zake.

"Basi Zénith walikuwa watano."
"Sita," asema Hervé. "Na kopo je?"

"Walikulipa?" nauliza mimi.
"Dola kumi. Kopo halikurudi."

"Na wewe," Onil sasa anabembeleza, "bendi bora ni ipi?"

Gaétane anafunga skafu, anakwapua viatu kwa kamba zake.
"Sikuwahi kuisikiliza hadi mwisho. Ndefu mno."

Mlango ukafungwa. Baridi kidogo ikabaki ndani.
Hervé akawasha mashine, akaanza upya habari za Amiraux,
na Onil hakumjibu. Alikuwa anahesabu kwa kidole
kwenye kingo ya meza, saba, saba, saba,
akitafuta mahali ambapo mkono ulichoka.